Maamuzi ya Mhariri Yakae Wapi?

Ingia katika studio yoyote inayotengeneza tamthilia, matangazo au video za harusi, uliza picha ghafi ziko wapi. Utaonyeshwa kabati lenye diski za nje, kila moja imebandikwa jina na tarehe. Uliza sasa kazi ya kuhariri yenyewe iko wapi, na jibu litakuwa jina la mtu: iko kwa fulani, kwenye kompyuta yake. Mpangilio huu umegeuza mambo. Mhariri hatengenezi picha, anaamua. Anaamua kipande kianzie wapi na kikomee wapi, muziki ushuke lini, uso wa mwigizaji uongezwe mwanga kiasi gani. Programu ya kuhariri kama DaVinci Resolve haiziweki picha ndani ya mradi. Inachoandika kwenye hifadhidata yake ni maamuzi hayo, pamoja na anwani ya kila faili lililotumika. Saa moja ya picha za 4K katika mfumo wa ProRes 422 HQ, kwa fremu 30 kila sekunde, hula karibu gigabaiti 400, ilhali mradi unaozihariri kwa kawaida hupimwa kwa megabaiti. Diski ya picha ikifa nawe una nakala yake, umepoteza bei ya diski. Zikipotea zile megabaiti chache, zimepotea wiki za kazi. Ndiyo maana hifadhidata ya miradi inapaswa kuwa moja, ikae mahali pamoja, na iwe ya timu nzima.

Kutenganisha picha na maamuzi si jambo geni. Enzi za filamu ya utepe, mhariri alikata nakala ya kazi, na negativu ikabaki salama maabarani. Kilichounganisha viwili hivyo ni namba zilizochapwa ukingoni mwa utepe: mkataji wa negativu alifuata namba, akaikata filamu halisi kama nakala ilivyokatwa. Katika miaka ya 1970, mashine za CMX za kuhariri video zilikuja na orodha ya maamuzi iliyoandikwa kwa maandishi matupu, na mpaka leo programu nyingi bado zinaweza kuisoma. Wazee wale walijua kwamba orodha ile ikichafuka, picha zote duniani hazitakusaidia. Waswahili walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatizo huanza daftari likiwa na wenyewe wawili. Njia iliyozoeleka ni kunakili mradi kwenye flashi na kumpa mwenzako, kisha jioni kila mmoja ana toleo lake lenye jina la “mwisho”, na baada yake “mwisho kabisa”. Mtu anaweza kudhani kwamba matoleo hayo mawili yataunganishwa tu, kama aya mbili za ripoti. Hayaunganiki kirahisi hivyo. Ukiondoa sekunde mbili mwanzoni mwa onyesho, kila kinachofuata kinasogea: sauti, maandishi, rangi. Kama mwenzako naye amesogeza mambo yake kwenye onyesho hilohilo, hakuna kompyuta inayojua nani alikusudia nini. Kwa hiyo programu zinazotumiwa na timu kubwa zimechagua kufuli badala ya kuunganisha. Katika Avid, aliyetangulia kufungua folda ya klipu ndiye mwenye ruhusa ya kuandika. Wengine wanaona alama ya kufuli na wanasoma tu. Resolve ilileta kufuli za namna hiyo katika toleo la 14, mwaka 2017, na Premiere ikaja na mfumo wake wa kugawa kazi kubwa katika miradi midogo inayofungika mwaka 2020. Kufuli linaudhi, nakubali. Ila linalazimisha swali ambalo timu nyingi hulikwepa: onyesho hili ni la nani leo?

Hata hifadhidata nzuri haisaidii kama anwani zilizomo ni za uongo. Kamera nyingi huanza kuhesabu upya kila kadi inapofomatiwa, hivyo siku moja ya kazi kwa kamera tatu yaweza kuzaa mafaili matatu yanayoitwa C0001. Bila folda inayotaja tarehe, kamera na kadi, programu inaweza kuunganisha picha isiyo yake na kukaa kimya. Vilevile diski iliyoitwa E kwenye kompyuta moja ikiitwa G kwenye nyingine, mhariri wa pili atafungua mradi na kukuta skrini nyekundu inayosema picha hazipo. Zipo. Ila anwani imebadilika. Makubaliano juu ya majina ya folda hayagharimu chochote, na yafanyike kabla ya kamera kuwashwa.

Wako watakaosema mambo haya ni ya studio kubwa za Marekani, si ya watu watatu wenye intaneti ya kusuasua na umeme wa kukatika. Hoja ya intaneti haina nguvu, kwa sababu seva ya miradi, yaani kompyuta inayobeba hifadhidata ya pamoja, hukaa ndani ya ofisi na kuzungumza na kompyuta nyingine kwa waya. Kwa hifadhidata hiyo ya pamoja, Resolve hutumia PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na haiuzwi. Kuhusu umeme, PostgreSQL huandika kwanza kumbukumbu ya kila badiliko kabla ya kuligusa faili lenyewe, na umeme ukirudi hujirekebisha kwa kuisoma kumbukumbu hiyo. Hilo halikuondolei haja ya UPS wala ya nakala za kila siku. Na nakala itolewe kwa amri ya programu yenyewe: kunakili folda ya hifadhidata inayotumika huweza kukupa faili lisilofunguka. Jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: usipandishe toleo la programu katikati ya kazi, maana mradi ukishafunguliwa na toleo jipya, la zamani halitaupokea tena.

Pingamizi zito zaidi halihusu mitambo, na linatoka kwa wahariri wa kujitegemea. Kwa wengi wao, mradi ulio kwenye kompyuta yao ndiyo dhamana pekee ya kulipwa. Wakiuacha kwenye seva ya mteja, wanabaki na ahadi. Siwezi kuwaambia wanakosea. Lakini dhamana hiyo ni dhaifu kuliko inavyoonekana, kwani inafanya kazi pale tu mteja anapohitaji marekebisho, na kompyuta ikiibwa pande zote mbili zimepoteza. Penye deni, mkataba useme wazi: malipo ya kwanza yanafungua nini, video iliyokamilika inatolewa lini, na faili la mradi, ambalo mikataba mingi hailitaji kabisa, linahamia kwa mteja baada ya malipo gani. Kabla ya hapo, mhariri abaki na seva yake mwenyewe, na mteja apewe video ya kutazama tu, yenye alama katikati ya picha.