Je, Wajua? Mrembo, Boya na Mtoto Kando ya Maji

Je, wajua kuwa mrembo wa kwanza kuiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe alifiwa na mama yake ziwani? Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, alikuwa bado mtoto tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Mama yake alikuwa miongoni mwa abiria.

Je, wajua kuwa miaka 11 baadaye mtoto huyo alipanda jukwaani Mexico City akiwa amenyoa kipara? Alikuwa amesomea mambo ya umeme Arusha. Washiriki walikuwa 77, naye akaingia kumi bora.

Je, wajua umaarufu alioupata aliutumiaje? Taasisi yake inafahamika zaidi kwa kusomesha wasichana na kuwapatia taulo za kike. Lakini katika kuikumbuka ajali ile, iliwahi pia kutoa majaketi ya kujiokolea kwa ajili ya meli za Ziwa Victoria. Ziwa lilimnyang'anya mama. Yeye alilirudia akiwa na kitu cha kumfikisha mama wa mwenzake nyumbani.

Je, wajua kwa nini idadi ya waliokufa MV Bukoba hutajwa kwa makadirio hadi leo? Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430, na orodha iliyokuwapo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Basi ukisafiri na mtoto, hata yule wa kupakatwa, hakikisha jina lake limeandikwa.

Je, wajua kuwa mfa maji mdogo mara nyingi hatapatapi? Methali yetu inasema mfa maji haishi kutapatapa, nayo inasema kweli kuhusu binadamu aliyebanwa na shida. Kwa mtoto anayezama, usisubiri kutapatapa huko. Mdomo wake unazama na kuibuka, na ukiibuka unawahi pumzi, hauna nafasi ya kuita. Mikono inayakandamiza maji, haipungi. Ukimtazama kwa mbali utadhani anacheza. Kuanzia hapo mpaka kutoweka ni kati ya sekunde 20 na 60. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele majini akinyamaza ghafla, kimbia.

Je, wajua ukubwa wa msiba wenyewe? Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024, watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Katika kila wanne, mmoja alikuwa hajafikisha miaka mitano.

Je, wajua kuwa tangu mwaka 2000 kiwango cha vifo hivyo duniani kimeshuka kwa asilimia 38, lakini Afrika kimeshuka kwa asilimia 3 tu? Wenzetu hawana maji mapole kuliko yetu. Wamejipanga.

Je, wajua kuwa si lazima pawe na ziwa wala bahari? Mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito kwa mwili wake. Akiinama kwenye ndoo, anatangulia kichwa, na mikono haina nguvu ya kumrudisha. Maji ya sentimita chache yanatosha kuziba pua na mdomo. Ukimaliza kufua, mwaga. Pipa lifunike. Kisima kiwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuusogeza.

Je, wajua kuwa palipo na watu wazima kumi ufukweni, mtoto anaweza asiwe na mtu? Kila mmoja anadhani mwenzake anamwangalia. Mteueni mmoja kwa jina. Akitaka kwenda kununua mihogo, amkabidhi mwingine kwa mdomo: "Nakuachia watoto." Na mwenzake aitikie. Kwa mtoto mdogo, mwangalizi akae pale ambapo mkono wake unamfikia.

Je, wajua Bangladesh ilifanya nini? Iligundulika kuwa watoto wengi wa vijijini hufa maji asubuhi mpaka mchana, saa ambazo mama yuko jikoni au shambani. Vikaanzishwa vituo vya kulelea watoto kwa saa hizo hizo. Pale vituo vilipochunguzwa, vifo vya maji kwa watoto waliolelewa humo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mama anayeanika dagaa mwaloni anaijua vizuri saa hiyo ambayo mikono yake yote miwili ina kazi.

Je, wajua kuwa ni Bangladesh hiyo hiyo, pamoja na Ireland, iliyoongoza azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2021? Ndilo lililoifanya tarehe 25 Julai kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Duniani.

Je, wajua kuwa Unguja wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima? Kaskazini mwa kisiwa, Mradi wa Panje uliwaletea mavazi ya kuogelea yanayofunika, na wanawake wakawa walimu. Wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini wakajifunza kuelea, kuogelea na kuokoa. Ni upande huo huo wa kaskazini ambako meli ya MV Spice Islander ilizama mwaka 2011 ikielekea Pemba.

Je, wajua kuwa anayejitosa kumwokoa mwenzake mara nyingi huzama naye? Rusha kamba, nyosha fimbo, tupa dumu tupu lililofungwa mfuniko barabara. Dumu la lita tano linaweza kumshikilia mtoto mpaka msaada ufike. Wafundishe na watoto: mwenzenu akizama, pigeni kelele, tupeni dumu, msimfuate.

Je, wajua kuwa kumning'iniza mtoto kichwa chini ili maji yatoke ni kumpotezea muda? Alichokosa ni hewa. Kama hapumui, mpulizie pumzi kwanza, kisha mkandamize kifua, na uendelee hivyo huku mwenzako akiita msaada. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu bila hewa.

Je, wajua kuwa jaketi la mtu mzima haliwezi kuaminiwa kwa mtoto? Akiingia majini, jaketi linapanda juu na yeye anachopoka chini. Kwa hiyo kabla chombo hakijang'oa nanga, mvalishe mwanao, funga vifungo vyote, kisha shika jaketi mabegani ulivute juu. Likipita masikio, ni kubwa. Omba la saizi yake, na uombe kwa sauti, maana yeye akiwa majini hatakuwa na sauti ya kuomba.