Kwa Nini Rangi Hubanduka Kwenye Kioo?

Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za kioo zilizochimbuliwa Mkukutu, karibu na Kibiti, ambazo alizihusisha na biashara ya Dola ya Rumi. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, nacho chataja vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa katika pwani yetu. Shanga hizo zilikaa ardhini karne nyingi. Lakini chombo cha maua cha kioo kilichonunuliwa mtumba, kisha kikapuliziwa rangi, huweza kuanza kubanduka rangi kabla ya masika kwisha. Vyote viwili ni kioo. Tofauti iko wapi?

Rangi ndani ya kioo na rangi juu ya kioo

Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa mchanga wa silika, magadi na chokaa, ambavyo huyeyushwa pamoja katika joto la kadiri ya nyuzi 1500 za Selsiasi. Fundi akitaka kioo cha rangi huongeza madini kidogo: kobalti huleta buluu, na chuma huleta kijani. Rangi ya namna hii ni sehemu ya kioo chenyewe, kwa hiyo haiwezi kubanduka. Mafundi wa kale wa Misri walikuwa na njia nyingine. Waliweka utando mwembamba wa dhahabu katikati ya tabaka mbili za kioo, ili ung'ae pasipo kuguswa na mikono wala maji. Rangi ya kupuliza haina ulinzi huo. Yakaa juu tu.

Kinachoishika rangi

Ubao una vitundu vidogo ambamo rangi huingia na kujifunga inapokauka. Uso wa kioo hauna vitundu. Hapo rangi hushikwa na mvutano baina ya molekuli zake na molekuli za kioo, na mvutano huo hufanya kazi pale tu ambapo vitu hivyo viwili vimegusana barabara. Mafuta ya vidole huvitenga. Maji pia huvitenga: katika hewa yenye unyevu, kama ile ya delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, uso wa kioo hufunikwa na utando wa maji usioonekana kwa macho. Rangi ikipulizwa juu yake huwa imeshika uchafu na maji, haikushika kioo. Tena, jua likiwaka, rangi hutanuka mara kadhaa zaidi ya kioo, na pale iliposhika kwa unyonge huanza kuachia.

Mkebe wa rangi nao wastahili kuelezwa. Ndani yake mna rangi, kiyeyushi, na gesi iliyoshindiliwa hata ikawa kioevu, ambayo siku hizi mara nyingi ni propani na butani. Kitufe kikibonyezwa, gesi hiyo huchemka ghafla na kuivunja rangi kuwa matone madogo sana. Kiyeyushi kinapokuwa mvuke huchukua joto, na rangi mbichi hupoa. Kama hewa ina unyevu mwingi, umande hutua juu ya rangi na kuifanya iwe nyeupenyeupe. Basi yafaa kupuliza wakati wa ukavu, umande wa asubuhi ukiisha kuondoka.

Namna ya kutengeneza

Osha chombo kwa maji ya moto na sabuni, kikauke kabisa, kisha kikwaruze kwa msasa laini ili uso upate mikwaruzo ya kushika rangi. Kipanguse kwa spiriti, uiache ikauke, na tangu hapo usikiguse kwa vidole vitupu. Puliza kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, tabaka nyembamba kadhaa, kila moja ikikauka kwanza. Paka nje tu. Maji ya maua yakae kwenye kioo kitupu.

Jaribio la darasani

Chukua chupa tatu zinazofanana. Ya kwanza isioshwe. Ya pili ioshwe na kupanguswa kwa spiriti. Ya tatu ioshwe, ikwaruzwe kwa msasa, kisha ipanguswe. Zipulizie rangi moja, uziache kwa wiki moja. Kwa wembe, chora katika rangi ya kila chupa miraba midogo 100, kumi kwa kumi. Bandika utepe wa gundi juu yake, uuvute kwa ghafla, kisha hesabu miraba iliyobaki. Wanafunzi waandike matokeo katika jedwali na waeleze sababu zake.

Tahadhari

Fanyeni kazi hii nje, mbali na moto na sigara, kwa kuwa gesi na viyeyushi huwaka upesi na mvuke wake hudhuru mapafu. Msitoboe mkebe wala kuuchoma, hata ukiwa mtupu. Chombo kilichopuliziwa rangi kisitumiwe tena kwa chakula au kinywaji.

Kijana wa Kibiti anayetaka kuwauzia vyombo hivi wasafiri wa barabara ya Lindi ayajue haya mapema. Rangi mnunuzi huiona siku ile ile. Maandalizi yaliyo chini yake atayajua baada ya miezi michache, naye ndipo atakapoamua kama atarudi kununua tena.