Kichanga cha Nyasubi: Mgagani na mkwaju hulipa pale nyanya inapogoma

MJI wa Kahama umekua haraka kwa nguvu ya dhahabu na mchele, na mwaka 2021 ulipandishwa hadhi kuwa Manispaa. Katika kata ya Nyasubi, kama zilivyo kata nyingine za mji huo, mwenye kiwanja aliyebakiwa na eneo nyuma ya nyumba hujaribu kulilima ili apate mboga ya nyumbani na ya kuuza.

Wengi huanza na nyanya au kabichi kwa sababu ndizo wanazoziona zikijaa sokoni. Ardhi ikiwa na rutuba na maji yakiwapo, hilo si kosa. Tatizo huanza pale mkulima anapochukua mkopo wa VICOBA, akanunua mbegu, mbolea na dawa, kisha akavimwaga vyote kwenye kichanga kisichoshika maji au kwenye ardhi yenye chumvi. Mazao hufa, mkopo hubaki.

Badala ya kutumia fedha nyingi kuibadili ardhi ili ifae mmea, mkulima mwenye mtaji mdogo hupata nafuu akichagua mmea ambao tayari unaifaa ardhi yake.

Ijue ardhi kwanza

Wasukuma walizipa ardhi zao majina tangu zamani, na watafiti wa udongo wameyatumia majina hayo tangu enzi za ukoloni. Luseni ni kichanga chepesi cha chini ya vilima. Itogolo ina kichanga juu, lakini chini yake kuna tabaka gumu. Ibambasi ni ardhi ngumu yenye magadi. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaolimwa mpunga.

Kuna kipimo rahisi kisicho na gharama. Chimba shimo la futi mbili, ulijaze maji. Yakizama upesi, hicho ni kichanga. Yakituama hadi kesho yake, chini kuna tabaka gumu au magadi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo wakati wa kiangazi, au kingo za majani zikiungua ilhali unamwagilia, hiyo ni dalili ya chumvi. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi huongeza tatizo, kwa kuwa jua huyakausha maji na kuiacha chumvi kwenye udongo.

Somo la ngitili

Mkoa wa Shinyanga umeshawahi kuthibitisha kwamba mimea ya asili ina thamani ya fedha. Misitu ilikatwa ili kufukuza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba na kupata kuni, hadi mkoa ukaanza kuonekana kama jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliofufua ngitili, yaani utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho ya kiangazi.

Wakati mradi unaanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu. Hadi miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo iliyorudi. Ulikadiria pia kuwa faida kwa mtu mmoja ilifikia dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Sehemu kubwa ya miti hiyo iliota yenyewe kutokana na visiki na mbegu zilizokuwa ardhini.

Kipi kipandwe wapi

Kwenye kichanga kisicho na chumvi, mgagani, kunde na mlenda hufanya vizuri. Mgagani huanza kuchumwa wiki nne hadi sita baada ya kupanda, na huchumwa mara kadhaa. Mbegu zake ni ndogo, hivyo zichanganywe na mchanga mkavu na zifukiwe kina kisichozidi sentimeta moja. Mbegu iliyovunwa karibuni huota kwa shida. Ihifadhiwe miezi mitatu au zaidi. Mgagani hauvumilii maji yaliyotuama.

Matuta ya kichangani yazamishwe kidogo ili yashike maji, yawekwe samadi iliyooza na kufunikwa kwa nyasi. Kwenye chumvi fanya kinyume chake: inua matuta, weka samadi na nyasi, na ufungue mfereji ili mvua ioshe chumvi.

Chumvi ikizidi, achana na mboga, panda miti. Mswaki, unaoota hata pwani karibu na maji ya bahari, huvumilia chumvi sana. Mjunju na mgunga nao ni wavumilivu, na maganda ya mgunga ni chakula kizuri cha mbuzi wakati wa kiangazi. Mipakani, minyara hutoa ua usio na gharama, ila utomvu wake ni hatari kwa macho.

Mkwaju ni akiba ya muda mrefu. Uliotokana na mbegu huweza kuchukua miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa, lakini ukishazaa hutoa ukwaju kwa miongo mingi. Kwa nafasi ya meta 10 kwa 10, robo ekari hubeba miti kama 10, na mboga hulimwa katikati wakati miti ikikua.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano. Tuta la nyanya limegharimu Sh60,000 na kuuza Sh90,000. Tuta la mgagani limegharimu Sh10,000 na kuuza Sh45,000. Mwenye nyanya ameshika fedha nyingi zaidi mkononi, lakini kilichobaki ni Sh30,000 dhidi ya Sh35,000 za mgagani. Matuta yote mawili yakifa, wa kwanza amepoteza Sh60,000, wa pili Sh10,000. Kila mkulima aweke bei za soko lake kwenye hesabu hii kabla ya kukopa.

Hata hivyo, mgagani nao una mitego yake. Hunyauka upesi, na wakati wa mvua huota wenyewe kila mahali, bei ikaanguka. Fedha ipo kiangazi, Juni hadi Oktoba, mboga zinapoadimika. Ziada ya masika ichemshwe na kukaushwa iwe nsansa, iuzwe baadaye.

Tahadhari ya machimboni

Katika ukanda wa Kahama na Geita, kuna kichanga kimoja kisichofaa kabisa kwa bustani: marudio ya dhahabu. Mchanga huo huweza kuwa na zebaki au sayanidi. Usiutumie kujazia matuta, na usilime mboga karibu na mialo au kumwagilia kwa maji yanayotoka huko. Mmea unaweza kustawi na bado ukamdhuru mlaji.

Kwa anayeanza msimu huu, hatua ya kwanza ni lile shimo la futi mbili. Likishaonyesha aina ya ardhi, aanze na tuta moja la mgagani au miche michache ya miti, atunze mbegu zake, na aandike kila shilingi iliyotoka na iliyoingia. Mkopo usubiri hadi daftari lionyeshe faida.