Damu Iliyotulia Chupani

Mama mjamzito wa Miono anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, hupimwa wingi wa damu, na jibu huandikwa katika kadi yake kwa gramu za hemoglobini katika kila desilita ya damu. Likiwa 11 au zaidi, ataendelea na vidonge vyake vya madini ya chuma na asidi ya foliki kama wenzake. Likiwa chini ya 7, huo ni upungufu mkali, na safari ya hospitali inaanza: njia ya vumbi hadi Mandera, kisha barabara kuu ya Chalinze na Segera, nauli, mtu wa kumsindikiza, watoto wa kuachiwa jirani. Tarakimu hiyo moja humtoa mtu nyumbani kwake. Inafaa basi kujua inavyopatikana, na inavyoweza kudanganya.

Nilijifunza jambo hili nikiwa daktari kijana katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mama mwenye mimba ya miezi saba aliletwa na jibu la 5.8. Niliandika aongezewe damu. Ndugu yake alikwisha kulala kitandani, mkono wa shati umekunjwa, tayari kutoa. Mzee wetu wa maabara akanijia mlangoni.

"Daktari, umemtazama mgonjwa mwenyewe?"

Nilikiri kwamba nilikuwa nimetazama karatasi zaidi. Vidonda vya maswali yake sitavisahau. Aliniongoza hadi kwenye kishikio cha chupa, akainyanyua chupa ya yule mama. Juu palikuwa na maji ya rangi ya majani makavu, chini damu nzito. Mwanafunzi alikuwa ameiacha imesimama zaidi ya saa nzima, kisha akachota sehemu ya juu bila kuichanganya. Mzee akaigeuza polepole, juu chini, chini juu, kwa dakika kadhaa, akapima mara mbili. Majibu yalikuwa 9.6 na 9.7. Ndugu yule akashuka kitandani.

Kilichotokea ni rahisi kueleza. Hemoglobini imo ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo ni nzito kuliko maji ya damu, hivyo chupa ikisimama huzama. Anayechota juu hupata pungufu. Anayechota chini hupata ziada, na kosa hilo la pili ni baya zaidi, kwa kuwa humrudisha nyumbani mgonjwa aliyestahili kulazwa. Tena katika ujauzito chembe huzama upesi kuliko kawaida, na katika upungufu wa damu vivyo hivyo. Yaani chupa zinazotulia haraka zaidi ni za wale wale tunaowahofia.

Chupa ya kipimo hiki ni ile yenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake mna EDTA, dawa inayofunga kalisi ili damu isigande. Dawa imepimwa kwa kiasi maalumu cha damu, kwa hiyo ijazwe hadi mstari. Mara tu damu inapoingia, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Isitikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi, maana chembe hupasuka. Ikicheleweshwa kugeuzwa, vibonge vidogo hujitunga, na chupa yenye kibonge haipimwi. Mgonjwa atolewe damu upya, hata kama amekwisha kuondoka na inabidi aitwe. Damu iliyochanganywa vizuri huhifadhi hemoglobini yake kwa saa 24 katika joto la kawaida la chumba. Lakini sanduku la pikipiki lililoachwa juani si chumba. Chupa isafiri ndani ya kisanduku cha baridi, isigusane na barafu, kwani kuganda kwa baridi huzipasua chembe zote.

Kamba ya kubana mkono isizidi dakika moja. Damu isichukuliwe kamwe kwenye mkono wenye dripu. Nimeona majibu ya kutisha ambayo yalikuwa maji ya chumvi tu.

Zahanati nyingi hupima kwa tone la kidole na kimashine kidogo kama HemoCue. Ni msaada mkubwa, ila kidole kina hila zake. Spiriti ikauke kwanza. Matone ya awali yafutwe kwa pamba kavu. Kidole kisikamuliwe, kwa sababu ukikamua unatoa pia majimaji ya nyama, na damu inazimuliwa. Na huku kwetu pwani kuna adui asiyeonekana, unyevu wa hewa. Vibamba vya aina ya 201 vina dawa kavu ndani yake. Kopo likiachwa wazi, hunyonya unyevu na jibu haliaminiki tena. Kopo lifungwe kila mara baada ya kutoa kimoja, liandikwe tarehe ya kufunguliwa, na lisitumike baada ya miezi 3. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba inapowezekana ipimwe damu ya mshipa, kwa mashine kubwa ya maabara.

Tofauti ya gramu moja au mbili si mzaha. Utafiti uliofanyika Uganda na Malawi, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wenye hemoglobini kati ya 4 na 6, wasio na dalili za hatari, hawakufa zaidi walipoangaliwa kwa karibu bila kuongezewa damu papo hapo. Walioshuka chini ya 4 waliongezewa. Sasa fikiria mtoto wa 3.7 ambaye chupa imesema 5.

Limebaki jina. Mwajuma Ramadhani wanaweza kuwa wawili katika benchi moja. Muuguzi asiulize, "Wewe ni Mwajuma?" maana wote wawili wataitika. Aulize, "Jina lako kamili nani?" kisha aandike chupani pale pale, mbele ya mgonjwa, baada ya kutoa damu. Nawe mgonjwa una haki ya kuomba kusoma kilichoandikwa.

Tena usilinganishe majibu bila kuuliza yalivyopimwa. Kidole cha Miono kikisema 9.8 na mshipa wa hospitali ukasema 10.4 wiki ileile, huenda damu haikuongezeka hata kidogo. Vidonge viendelee.