Kitabu cha Mota Kuukuu: Tazama Namba Kabla ya Jalada

Mji wetu wa Kamina ni mji wa reli, si mji wa mashua. Lakini nani kati yetu hana ndugu au rafiki huko Bukama, Kinkondja au Malemba-Nkulu? Reli iliyofika Bukama mwaka 1918 ilikutana hapo na mto Lualaba, na tangu siku hizo garimoshi na mashua vimesaidiana kulisha nyumba zetu. Samaki wa ziwa Kisale na ziwa Upemba huletwa Bukama kwa njia ya maji, kisha huja kwetu kwa njia ya nchi kavu. Basi mota ya mvuvi ikifa kule mtoni, sufuria ya Kamina nayo yapata habari.

Mota hizo zinazofungwa nyuma ya mtumbwi mara nyingi si mpya. Zimetumika miaka mingi, zimepita katika mikono ya watu wawili watatu, na kijitabu kilichotoka nazo kiwandani kimekwisha kupotea. Siku mota inapogoma, mwenyewe huanza kutafuta kitabu cha kumwongoza katika kuitengeneza. Ni jambo jema. Lakini yafaa tujue namna ya kukichagua, maana kitabu kisicho cha mota yako chaweza kukudhuru kuliko kukosa kitabu kabisa.

Twamjua baba mmoja wa familia, mchuuzi wa samaki, aliyenunua mota ya nguvu za farasi 25 iliyotengenezwa miaka ya 1970. Aliizoea, akaitunza vizuri, akawa anachanganya sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 50 za petroli, kama alivyofundishwa na mwenye mota wa kwanza. Siku moja mwanawe aliyekuwa akisoma mjini alimletea kijitabu kizuri. Jina la mota lilikuwa lile lile, na nguvu za farasi zile zile 25. Ndani yake kiliandikwa kwamba sehemu 1 ya mafuta yatosha sehemu 100 za petroli. Mzee alifurahi sana. Gharama ya mafuta imepungua nusu! Akamshukuru mwanawe, akatii kitabu.

Haikupita miezi mingi. Jioni moja, katikati ya mto, mota ililia kwa sauti kali, ikanyamaza. Pistoni ilikuwa imeshikamana na silinda kwa kukosa mafuta. Mtumbwi ulikuwa na akina mama watatu, watoto, na mizigo ya samaki, nao ukachukuliwa na maji gizani. Kwa bahati njema pondo lilikuwamo. Walijisukuma hadi penye mafunjo, wakakaa hapo mpaka asubuhi. Watu wote walipona, ila samaki walioza, na mota haikuwaka tena.

Tumlaumu nani? Mwana hakukusudia mabaya. Kijitabu nacho hakikusema uongo, ila kilisema juu ya mota nyingine. Katikati ya miaka ya 1980 watengenezaji fulani waliruhusu mchanganyiko wa 1 kwa 100 katika mota zao za wakati huo, na baadaye wengine wao wakarudi kwenye 1 kwa 50. Mota ya mzee ilikuwa ya zamani zaidi. Ninyi wanafunzi, fanyeni hesabu: katika lita 20 za petroli, 1 kwa 50 ni mililita 400 za mafuta, na 1 kwa 100 ni mililita 200 tu. Na mota nyingi za miaka ya 1950 zilitaka mafuta zaidi, kama 1 kwa 24, yaani zaidi ya mililita 800. Tarakimu moja ya kitabu yatosha kuua chombo.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni hili: usichague kitabu kwa jina lililoandikwa juu ya kofia ya mota, wala kwa nguvu za farasi. Jina ni la ukoo mzima, tena kofia hubadilishwa. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alitengeneza mota yake huko Milwaukee mwaka 1909. Yamaha ya Japani ilitoa mota yake ya kwanza ya mashua mwaka 1960, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru. Katika miaka yote hiyo kila kiwanda kimebadilisha vyombo vyake mara nyingi. Yamaha, kwa mfano, imetengeneza mota za nguvu za farasi 40 zenye silinda 2, na nyingine za nguvu hizo hizo zenye silinda 3. Ni nani atakayezitengeneza zote mbili kwa ukurasa mmoja?

Tafuta namba. Kwa kawaida iko juu ya kibao kidogo cha chuma, kwenye kile chuma kinachobana ubao wa nyuma wa mashua. Kama kimefunikwa na matope au rangi, kioshe polepole kwa maji na sabuni. Usikikwangue kwa kisu, usije ukafuta kile unachokitafuta. Andika kila tarakimu na kila herufi, hata ile ya mwisho inayoonekana haina maana.

Katika mota za Johnson na Evinrude zilizotolewa tangu mwaka 1980, herufi hizo huficha mwaka wenyewe. Kiwanda kilitumia neno la Kiingereza lenye herufi 10, INTRODUCES. I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, na S ni 0. Mota yenye alama J25ECOC ni Johnson ya nguvu za farasi 25, na herufi CO zinazotangulia ile ya mwisho ni 8 na 5, yaani mwaka 1985. Tena, Johnson na Evinrude zilikuwa za kampuni moja tangu mwaka 1936, na zile za miaka ya baadaye zenye mwaka mmoja na nguvu moja mara nyingi zafanana kwa ndani. Hivyo ukikosa kitabu cha moja, cha nduguye chaweza kukufaa. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2000, na walioinunua waliacha kutengeneza mota za Evinrude mwaka 2020. Ndiyo maana vitabu vyake vya zamani yafaa vitunzwe.

Ukiisha kuipata namba, jua kwamba vitabu ni vya aina nne. Kwanza kuna kijitabu cha mwenye mota: chafundisha kuwasha, kuchanganya mafuta na kusafisha, lakini hakifundishi kufungua mota. Pili kuna kitabu cha fundi kilichotolewa na kiwanda: hiki ndicho bora, maana chahusu aina chache tu, nacho chaeleza kila kipimo. Lakini chadhani kwamba msomaji amekwisha kuwa fundi. Tatu kuna orodha ya vipuri, yenye picha za kila kipande na namba yake. Nne kuna vitabu vya wachapaji wengine, kama vile vya Clymer na Seloc, vinavyokusanya mota za miaka mingi katika jalada moja. Hivi humwelewesha anayeanza, ila yakubidi uangalie sana ni aya ipi inayosema juu ya mota yako na ipi inayosema juu ya jirani yake.

Kabla ya kutoa franka zako, fungua kitabu. Je, namba yako imo katika orodha ya ndani, si juu ya jalada tu? Je, kina jedwali la vipimo? Je, kina mchoro wa nyaya za umeme? Je, chaonyesha pampu ya maji na namna ya kubadilisha kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza mota? Katika mto wetu wenye mchanga na majani, kipande hicho huchakaa upesi. Ukikosa majibu haya, rudisha kitabu mezani.

Angalia pia lugha na vipimo. Kitabu cha Kifaransa chenye kurasa chache unazozielewa chaweza kukufaa kuliko kinene cha Kiingereza usichokisoma. Na kama kitabu ni cha Marekani, vipimo vyaweza kuwa vya inchi na pauni. Inchi 0.020, ambayo ni nafasi ya pointi za umeme katika mota nyingi za zamani, ni karibu nusu milimita. Bolti inayotaka kukazwa kwa pauni-futi 20 yataka newton-mita 27. Ukikaza 20 tu, kifuniko cha silinda chaweza kuvuja. Na ukikosea kwa upande wa pili, bolti yaweza kukatika ndani.

Siku hizi vitabu vingi hupatikana katika simu, navyo hupita kutoka mkono hadi mkono bila gharama. Tusividharau, ila tuvipime kwa namna ile ile. Hesabu kurasa, maana mara nyingi zile zinazokosekana ni zile za vipimo. Na kwa kuwa simu huzimika pale mtoni, nakili jedwali la vipimo katika daftari, ulifunge ndani ya plastiki, ulihifadhi pamoja na spana. Katika daftari hilo andika pia kila ulichobadilisha na tarehe yake. Atakayenunua mota hiyo baada yako atakushukuru.

Nanyi vijana mnaosoma, wazazi wenu wakiwatuma kutafuta kitabu, msione haya kurudi mikono mitupu na kusema, "Baba, nilichokiona si chetu." Mchuuzi yule tuliyemtaja sasa ana mota nyingine, nayo si mpya pia. Safari hii mwanawe alishuka kwanza mtoni na kalamu, akapiga magoti nyuma ya mtumbwi, akaandika namba. Kitabu kilitafutwa baadaye. Wahenga walisema, heri kuuliza kuliko kupotea. Na mota huulizwa kwa namba yake.