Mpira wa Tenisi Kwenye Mwinuko wa Gitega

Machi 2024, mjini Accra, Mkenya Angella Okutoyi alimshinda Mmisri Lamis Alhussein Abdel Aziz 6-4, 6-2 katika fainali ya wanawake ya Michezo ya Afrika, akavishwa dhahabu. Seti mbili, ya tatu haikuhitajika. Ushindi kama huo humfanya mtazamaji adhani wachezaji wameachana mbali sana. Hesabu inasema vingine, na ndiyo inayonizidishia heshima kwa bingwa.

Chukua mchezaji anayeshinda pointi 54 katika kila 100. Ni kitu kidogo mno. Lakini gemu hujengwa kwa pointi, seti kwa gemu, mechi kwa seti, na kila ngazi hukuza ile tofauti: atashinda takribani 60% ya gemu, 76% ya seti, na 86% ya mechi zinazoamuliwa kwa seti mbili kati ya tatu. Roger Federer, akiwahutubia wahitimu wa Chuo cha Dartmouth mwaka 2024, alitaja rekodi yake mwenyewe: mechi 1,526, ushindi karibu 80%, pointi 54% tu. Karibu nusu ya pointi zote alizocheza, alizipoteza!

Ziada hiyo ndogo huchumwa katika kuutawala mpira, na mpira hautii kila mahali kwa namna moja. Okutoyi amekulia Nairobi, kwenye hewa nyepesi. Accra iko ufukweni. Gitega, nchini Burundi, kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takribani 14% kuliko pwani, na Muyinga, mji mwingine wa huko, uko juu zaidi. Mpira ukikata hewa hiyo haupungui kasi upesi, kwa hiyo pigo ambalo Accra lingetua ndani ya mstari, Gitega hutoka nje. Dawa yake ni mzunguko. Raketi huukwangua mpira kutoka chini kwenda juu, mpira ukaondoka huku sehemu yake ya juu ikibingirika kuelekea mbele; hewa inayoupita husukumwa juu, nao hukandamizwa chini. Tatizo ni kwamba kani hiyo pia hutoka kwenye hewa. Hewa ikiwa nyepesi, mchezaji lazima auzungushe mpira kwa nguvu zaidi ili upinde vilevile.

Kisha kuna mdundo. Mpira wa kawaida umejazwa hewa kwa shinikizo. Ukiupandisha Muyinga, shinikizo la nje hupungua, la ndani linabaki, mpira unakakamaa na kuruka juu kupita kiasi. Kanuni za kimataifa zinataka mpira ukiachiwa kutoka sentimita 254 juu ya zege udunde sentimita 135 hadi 147. Kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219 unaruhusiwa mwingine, unaodunda 122 hadi 135 tu, au ule usiojazwa shinikizo, uliozoeshwa mwinuko huo kwa siku 60 au zaidi. Ningekuwa na klabu ya watoto Muyinga ningechagua huu wa mwisho, kwa sababu haufifii kopo likishafunguliwa, na mtoto hujifunza kwa mdundo uleule wiki baada ya wiki.