Karatasi Nyeupe na Wiki Moja

Usiku wa kuamkia mtihani, mwanafunzi anayarudia madesa yake kwa mara ya tano. Kurasa zimekolea wino wa njano, macho yanateleza juu ya mistari bila kukwama, na moyo unatulia: hapa nimeiva.

Kumuuliza kama ameiva kweli hakutoshi. Wala haitoshi kumlinganisha na jirani yake anayejipima kwa maswali. Huenda jirani alikuwa na bidii tangu mwanzo. Katika jaribio la kisaikolojia, mtafiti ndiye anayeamua nani asome vipi, tena kwa bahati nasibu, ili bidii, akili na usingizi wa jana vitawanyike katika makundi yote.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha utafiti wa namna hiyo. Katika jaribio lao la pili, wanafunzi 180 walipewa kifungu kifupi cha habari, ama kuhusu jua ama kuhusu fisi maji wa baharini. Kundi la kwanza lilikisoma kwa vipindi vinne vya dakika 5. La pili lilisoma vipindi vitatu, kisha likaandika yote linayoyakumbuka bila kutazama. La tatu lilisoma kipindi kimoja tu. Katika vitatu vilivyobaki liliandika linayoyakumbuka kwenye karatasi nyeupe, na hakuna aliyesahihishiwa. Kwa wastani, kundi la kwanza lilikipitia kifungu zaidi ya mara 14, la tatu mara 3 na ushei.

Nusu ya kila kundi ilipimwa baada ya dakika 5. Waliosoma tu walikumbuka asilimia 83 ya hoja, wa karatasi nyeupe asilimia 71. Kama watafiti wangekunja jamvi hapo, tungewaambia watoto wetu wakariri hadi alfajiri. Lakini nusu ya pili ilirudi baada ya wiki moja. Safari hii waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na wale wa karatasi nyeupe 61.

Kinachonigusa zaidi ni swali waliloulizwa kabla hawajaondoka: mtakumbuka kiasi gani wiki ijayo? Waliojiamini kuliko wote ni wale wa kundi la kwanza. Ule wepesi wa kusoma jambo lililozoeleka ndio uliowadanganya, na ndio unaomtuliza mwenzetu mwenye wino wa njano.

Jambo hili unaweza kulionja nyumbani. Chukua mada mbili zenye ugumu sawa, rusha sarafu kuamua ipi utairudia kwa kusoma na ipi utaifungia daftari uiandike kwa kichwa. Ya pili itakuudhi. Utakwama, utakuna kichwa, utatamani kuchungulia. Vumilia. Kisha ziache zote mbili, usiziguse mpaka wiki iishe, ndipo uchukue karatasi mbili tupu.